Dereva Aliyepoteza Njia za Panya

Asubuhi moja ya Novemba 2024, matatu tupu ya namba 58 ilitoka Buruburu kuelekea katikati ya Nairobi ikiendeshwa na mtu ambaye hakuwa ameshika usukani kwa miezi minne. Kando yake aliketi dereva wa akiba, yule ambaye watu wa steji humwita skwodi, na nyuma walikaa makanga na mjumbe mmoja wa sacco yao, ushirika unaosimamia matatu za ruti hiyo. Walitaka kuona kwa macho yao kama Mzee amepona. Mwanzoni hawakuona kasoro yoyote. Alibadili gia kwa wakati, alikwepa mashimo kabla hayajaonekana, alijua tuta lipi lipandwe taratibu na lipi likatwe kwa upande, na alipoingia Jogoo Road aliyasoma magari ya wenzake kama mtu asomaye barua ya zamani. Karibu na Makadara wakakuta lori limelala barabarani na askari wa trafiki akiwaashiria madereva waingie mitaa ya ndani. Magari yaliyotangulia yalikata kona, kila moja na njia yake. Mzee alisimama. Hakubabaika wala hakulalamika, alitazama barabara ya kando iliyokuwa wazi mbele yake, kisha akamuuliza makanga kwa upole, "Hii inatokea wapi?" Ilikuwa barabara aliyoipita kwa miaka 26, na katika ruti nzima yeye ndiye aliyesifika kwa kuwapitisha abiria njia za panya wakawahi kazini.

Mjumbe wa sacco alinipigia simu siku tatu baadaye. Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupima watu ambao ubongo wao umeumia, kisha kuwaeleza wenyewe, jamaa zao na waajiri wao ni kitu gani kimebaki na kipi kimekwenda. Swali lake lilikuwa fupi: arudi kazini au asirudi? Beji ya PSV ya Mzee, yaani kibali cha kuendesha gari la abiria, ilikuwa bado halali, na mkono wake kwenye usukani ulikuwa mwepesi kuliko wa vijana wengi wa ruti hiyo. Lakini mtu asiyeijua barabara iliyo nyuma ya steji aliyoifanyia kazi tangu 1998 hawezi kuitwa mzima. Wenzake waligawanyika. Wengine walisema amepoteza kumbukumbu, wengine wakasema haiwezekani, kwa kuwa mtu aliyepoteza kumbukumbu asingekumbuka hata mashimo. Pande zote mbili zilichukulia kwamba kujua njia ni jambo moja, ambalo mtu ama analo ama hana, na dhana hiyo ndiyo iliyonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu.

Jina lake, la sacco na la hospitali iliyomtibu nimeyaacha, na mambo machache yasiyogusa hoja nimeyabadili. Ruhusa ya kuandika ilitoka kwake na kwa binti yake. Kwake niliiomba upya kila tulipokutana, kwa sababu kila mara hakukumbuka kwamba alishaitoa, na kila mara aliitoa kwa maneno yale yale: "Andika, daktari, labda itamfaa mtu."

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa jambo ambalo watu wengi wa mji huu hulifanya bila kulifikiria. Julai ni mwezi wa baridi Nairobi. Usiku mmoja, baada ya kupika, aliliingiza jiko la makaa chumbani ili lipashe joto, akafunga dirisha, akalala. Makaa yanayoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huing'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivi kwamba damu huendelea kuzunguka huku haibebi kile kinachotakiwa. Binti yake alimkuta asubuhi hana fahamu. Alilazwa siku 9, akarudi nyumbani akitembea mwenyewe, akiwatambua watu wote na kuwaita kwa majina yao, na kwa muda familia iliamini kwamba Mungu amewaepusha na kubwa.

Picha ya MRI iliyopigwa Oktoba ilionyesha hali nyingine. Viini vya ndani vinavyosaidia mwendo, ambavyo sumu hii hupenda kuvishambulia, vilikuwa vimenusurika, na gamba la ubongo, tabaka lake la nje, lilionekana zima; lakini hipokampasi zote mbili zilikuwa zimesinyaa. Hipokampasi ni kiungo kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo, kimoja kila upande, karibu usawa wa masikio, na ndani yake mna ukanda wa seli uitwao CA1 ambao ni miongoni mwa sehemu za kwanza kufa oksijeni inapokatika. Mwaka 1986 Stuart Zola-Morgan, Larry Squire na David Amaral walimweleza mgonjwa aliyejulikana kwa herufi R.B., ambaye damu ilipopungua ubongoni mwake aliharibiwa ukanda huo pande zote mbili na karibu hakuna kingine, na uharibifu huo mdogo ulitosha kumzuia asihifadhi mambo mapya maisha yake yote yaliyobaki.

Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 57, mchangamfu, mwenye mzaha wa watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na alinishinda katika kuhesabu nauli na chenji kichwani. Alirudia tarakimu 6 bila kukosea. Nilimsomea hadithi fupi, akaisimulia papo hapo karibu yote, tukazungumza mambo mengine kwa nusu saa, nikamwomba aisimulie tena, akaniuliza, "Hadithi gani?" Tangu Agosti alikuwa akiishi kwa binti yake, mtaani Umoja, na hadi mwisho wa Novemba aliuliza choo kiko wapi mara kadhaa kwa siku, kila mara kwa adabu ya mgeni aliyefika leo.

Kipimo kimoja kilimshangaza binti yake kuliko vyote. Nilimpa Mzee picha ya nyota aifuatishe kwa kalamu huku akiuona mkono wake ndani ya kioo tu, zoezi ambalo humkorofisha kila mtu mwanzoni kwa sababu kulia huwa kushoto. Siku ya kwanza alikwaruza karatasi nzima. Siku ya tatu alichora nyota karibu safi, akasema, "Hii ni rahisi, ingawa sijawahi kuijaribu." Brenda Milner aliliona jambo hili hili mwaka 1962 kwa Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zake mwaka 1953, akiwa na miaka 27, ili azuiliwe kifafa, na ambaye tangu hapo hakuweza kuhifadhi siku zake. Ujuzi wa mkono una makao mengine. Hauhitaji hipokampasi ili kujengwa, na kwa hakika hauihitaji ili kuendelea kuwepo.

Hapo ndipo nusu ya kwanza ya fumbo la Makadara ilipofunguka, na aliyenisaidia kuieleza kwa watu wa sacco ni panya wa maabara. Mwaka 1996 Mark Packard na James McGaugh waliwafundisha panya kutafuta chakula katika njia zenye umbo la msalaba, daima kutoka upande mmoja, kisha wakawaanzisha upande wa pili waone watafanya nini. Baada ya siku 8 panya wengi walikwenda mahali chakula kilipokuwa, kwa hiyo walijua mahali. Baada ya siku 16 waligeukia upande ule ule waliouzoea, hata ulipowapeleka pasipo na chakula, kwa hiyo walijua kugeuka. Walipotiliwa ganzi kwenye hipokampasi siku ya 8, ujuzi wa mahali ulipotea. Walipotiliwa kwenye kodeti, kiini cha ndani kinachotunza mazoea, siku ya 16, ule ujuzi wa mahali uliofunikwa ukajitokeza tena. Mzee kwenye Jogoo Road alikuwa panya wa siku ya 16. Mashimo, matuta na kona vilikuwa mikononi na miguuni mwake, kila kimoja kikiita kinachofuata, na mlolongo huo haumwulizi mtu yuko wapi. Ndiyo maana jaribio la sacco, lililofanywa kwa nia njema kabisa, lilipima kitu ambacho hakikuwa kimeumia.

Nusu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nilimpa karatasi kubwa nikamwomba anichoree Nairobi ya dereva. Alichora upesi, kwa mistari minyoofu: Jogoo Road, Landhies, Haile Selassie, Uhuru Highway, Waiyaki Way, Ngong Road, Thika Road, Mombasa Road, Outer Ring. Thika Road aliichora na madaraja yake ya 2012. Mombasa Road aliichora tupu. Expressway, ile barabara ya juu ya nguzo yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022 baada ya ujenzi ambao sidhani kuna dereva wa Nairobi asiyeulaani, haikuwepo kwenye karatasi, ingawa binti yake alinihakikishia kwamba alipita chini ya nguzo hizo mara nyingi alipokodiwa kupeleka watu uwanja wa ndege.

Kwenye makutano ya Outer Ring na barabara ya North Airport aliandika "Taj Mall", na hapa nilikaribia kufanya kosa. Jengo hilo lilibomolewa 2018. Niliandika daftarini kwamba ramani yake imeganda kabla ya mwaka huo, kisha nikakumbuka kwamba makanga bado huita pale Taj Mall, kama tunavyosema Globe na Odeon tukimaanisha mahali ambapo watu waliacha kutazama filamu zamani. Katika jiji hili jina la mahali huishi kuliko jengo lililolizaa, na mpimaji asiyelijua hilo atawaona nusu ya wakazi kuwa wagonjwa. Kwa hiyo swali likabadilika: ukisimama pale leo, unaona nini? Mzee alieleza ghorofa, vioo na maduka. Dereva wa akiba, aliyelitumia jina lile lile bila wasiwasi, alijibu kwamba jengo lilikwisha kubomolewa. Tofauti ilikuwa katika jibu la pili, si katika jina.

Hivyo 2012 ilikuwa imara, 2018 ilikuwa imekwenda, na 2022 kama haikuwahi kutokea, ingawa miaka hiyo yote aliiishi akiwa mzima. Mfaransa Théodule Ribot aliueleza mpangilio huu mwaka 1881: ubongo unapoumia, mambo mapya hutangulia kupotea na ya zamani husalia. Mwaka 1900 Georg Müller na Alfons Pilzecker walipendekeza sababu, kwamba kumbukumbu haizaliwi ikiwa imekauka bali huhitaji muda wa kuimarika, na kabla ya hapo huharibiwa kwa urahisi. Walizungumzia dakika. Kwa Mzee tunazungumzia miaka, na miaka hiyo inahitaji kuelezwa.

Maelezo yanaanza na jinsi hipokampasi inavyoshika mahali. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, waliingiza nyaya nyembamba kwenye hipokampasi za panya waliokuwa wakitembea huru, wakakuta seli ambazo huwaka panya anapofika mahali fulani na kunyamaza akiondoka. Ukikusanya seli za kutosha, unaweza kusema panya yuko wapi bila kumtazama. Mwaka 2005 May-Britt Moser, Edvard Moser na wenzao, huko Trondheim, Norwei, walieleza seli za gridi katika gamba la jirani, kila moja ikiwaka mahali pengi palipopangika kwa pembe sita mithili ya sega la nyuki, kana kwamba chumba kimetandikwa karatasi ya kupimia. O'Keefe na wana Moser hao wawili walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Kwa kisa chetu jambo la kushika ni kwamba kiungo kinachopanga mahali ndicho kile kile ambacho wagonjwa kama Molaison hukosa wanaposhindwa kuikumbuka jana. Si sadfa, kwa maana tukio lolote hutokea mahali, na asiye na mahali pa kulitundika tukio halipati tena.

Kisha panya hulala. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli zilizowaka pamoja panya alipokuwa akitembea huwaka pamoja tena katika usingizi unaofuata. Baadaye ikaonekana kwamba hata mpangilio wa safari hurudiwa, kwa kasi kubwa sana kuliko safari yenyewe, ndani ya viwimbi vya umeme vinavyodumu sehemu ndogo tu ya sekunde. Mwaka 2009 Gabrielle Girardeau na wenzake walivikatiza viwimbi hivyo kwa panya waliopumzika baada ya mazoezi, na panya hao wakachelewa kujifunza njia kuliko wenzao. Inaelekea kwamba kwa marudio hayo, usiku baada ya usiku, hipokampasi hulifundisha gamba la ubongo kile ilichokiona mchana, hadi gamba liweze kukishika lenyewe. (Dereva wa matatu anayeamka saa tisa usiku na kulala saa tano hulipunguzia gamba lake masomo, lakini wenzake Mzee walilala kidogo vile vile, nao walikuwa na Expressway kwenye ramani zao.)

Marudio hayangoji usingizi tu. Adam Johnson na David Redish waliripoti mwaka 2007 kwamba panya anaposita njia panda, seli zake za mahali huwaka kwa mfuatano unaosonga mbele katika njia moja, kisha katika nyingine. Panya amesimama, lakini seli zake zinatembea. Anazionja njia zote mbili kabla hajainua mguu. Kila nikiifikiria asubuhi ile ya Makadara huiona hivyo. Madereva wengine nao walisita sekunde moja pale kwenye kona, na katika sekunde hiyo kitu fulani ndani yao kilikimbia mbele kupitia mitaa ya ndani na kurudi na jibu. Mzee alisita pia. Hakuna kilichokimbia.

Hata hivyo, hapa maelezo ya kawaida yanakwama. Chuoni nilifundishwa kwamba uimarikaji wa kumbukumbu ni kama kuhamisha mzigo kutoka stoo ya muda hadi ghala la kudumu: hipokampasi huupokea, gamba huuhifadhi, na baada ya miaka stoo inaweza kuungua bila hasara. Kama ndivyo, njia za panya ambazo Mzee alizijua tangu 1998 zingekuwa ghalani zamani, pamoja na Thika Road. Nilimwuliza maswali 20 mezani. Kumi yalihusu barabara kuu, na yote aliyapata. Kumi yalihusu kukwepa foleni, kwa mfano Jogoo Road ikifungwa utatokaje Rabai Road ufike City Stadium, jambo ambalo wenzake hulijibu kwa kukata ndani ya Jericho na Maringo huku wakibishana kona. Alipata moja. Nilipolifuatilia hilo moja, likawa ndilo lililopita mlangoni kwa fundi wake wa breki, ambako alikwenda karibu kila wiki. Kisha tukaenda naye kwenye gari dogo, skwodi akiendesha na Mzee akielekeza, na mambo yakawa yale yale: kwenye lami pana alikuwa mwalimu, tulipoacha lami pana alinyamaza.

Kisa chake kina ndugu yake London. Mwaka 2006 Eleanor Maguire, Rory Nannery na Hugo Spiers walimweleza T.T., dereva wa teksi wa miaka mingi ambaye ugonjwa uliharibu hipokampasi zake zote mbili. Walimweka mbele ya London iliyotengenezwa kwa kompyuta, wakamwomba apeleke abiria. Alijua alama za mji na mahusiano yake, na alifika vizuri mradi zile barabara kuu zenye herufi A zilimfikisha; safari ilipodai vichochoro vilivyo kati yake, alipotea. Barabara zote hizo, kuu na ndogo, alijifunza kabla ya ugonjwa, miaka mingi nyuma. Kilichotenganisha zilizobaki na zilizopotea hakikuwa muda uliopita tangu azijifunze.

Maguire huyo huyo alishaonyesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa London wana hipokampasi kubwa zaidi upande wa nyuma kuliko watu wa kawaida, na mwaka 2006, pamoja na Katherine Woollett na Spiers, akawalinganisha na madereva wa mabasi, ambao huendesha saa nyingi vile vile lakini kwa njia zilizopangwa, na wao hawakuwa na ongezeko hilo. Nimeulizwa mara kadhaa dereva wa matatu awekwe kundi gani. Kwenye karatasi ni dereva wa basi: ana namba, ana mwanzo na mwisho. Lakini ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni imefika Makadara na kila safari ni pesa, yeye ni dereva wa teksi mwenye abiria wengi. Mzee aliishi kwa kuwa wote wawili, na kaboni monoksidi ilimuua dereva wa teksi ikamwachia wa basi.

Ninalolisema basi ni kwamba kinachohamia kwenye gamba si mzigo wote. Ni kiunzi chake. Lynn Nadel na Morris Moscovitch walipinga hadithi ya ghala tangu 1997, wakidai kwamba undani wa kumbukumbu huihitaji hipokampasi siku zote, na kwamba kinachojitenga nayo ni maana ya jumla na muhtasari. Mfumo wa barabara kuu za jiji ni muhtasari wa jiji. Umerudiwa mara nyingi, kwa safari nyingi zinazoshiriki vipande vile vile, hadi umekuwa maarifa kama tunavyojua kwamba Kisumu iko magharibi. Njia ya panya haifanani na hilo. Umuhimu wake hubadilika kila siku kwa foleni, mvua na mahali soko lilipomwagika barabarani, na kuitumia ni kuipanga upya kila mara. Kazi hiyo haihifadhiki. Hufanywa, na kiungo kinachoifanya ndicho kilichosinyaa.

Wenzangu wawili niliowaonyesha ripoti walileta pingamizi la haki. Mwaka 1999 Edmond Teng na Larry Squire walimweleza E.P., mzee wa California aliyepoteza hipokampasi zote mbili, ambaye aliweza kueleza njia za mtaa aliokulia, hata za kuzunguka barabara ikidhaniwa imefungwa, ilhali mtaa aliohamia baada ya kuugua hakuujua kabisa. Kama undani daima huihitaji hipokampasi, E.P. aliuzungukaje mji wake wa utotoni? Pingamizi hilo lilinipeleka Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 ulio karibu na City Stadium, ambako Mzee alizaliwa na kuishi hadi alipooa. Mezani kwanza, ili macho yasimsaidie, nilimwomba aniongoze kutoka ukumbi wa mtaa hadi uwanjani, kisha nikafunga njia yake kwa maneno, nikaifunga na ya pili. Alinipa ya tatu. Siku tuliyokwenda kwa miguu tulikuta ukuta mpya umekata njia mojawapo. Aliutazama kwa dharau kidogo, akapinda nyuma ya nyumba mbili, tukatokea upande wa pili huku akinionyesha alipovunjika jino.

Kwa hiyo E.P. alikuwa na ndugu yake hapa pia, ndani ya kichwa kile kile chenye T.T. Sioni kwamba wawili hao wanapingana. Kaloleni ni ndogo, na Mzee aliijifunza kwa miguu, kwa michezo, kwa kufukuzana na kwa kutumwa dukani, kutoka kila upande kwenda kila upande, kisha akawa na zaidi ya miaka 30 ya kuirudia usingizini. Kwa mtoto wa Kaloleni hakuna njia ya panya, zote ni barabara kuu. Mitaa iliyo nyuma ya Jogoo Road aliipita mara nyingi zaidi labda, lakini aliipita kama mtu mwenye haraka, upande mmoja, akiwaza foleni. Kiunzi cha Kaloleni kilijengwa kikiwa na vichochoro ndani yake, na cha Eastlands hakikujengwa hivyo.

Ripoti yangu kwa sacco ilikuwa ya kurasa mbili, na jibu lilikuwa hapana. Mjumbe alipendekeza afungwe kwenye Jogoo Road peke yake, makanga awe macho yake. Nilikataa, kwa sababu barabara hiyo haipiti wiki bila kufungwa mahali, na kwa sababu dereva huambiwa mambo mengi asubuhi ambayo lazima ayabebe hadi jioni: breki ya nyuma inavuta, daraja lile lina maji. Walimpa kazi ya kukagua magari alfajiri kabla hayajatoka, akiwa na orodha iliyoandikwa, na sikio lake kwa injini bado ni zuri.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa Umoja. Molaison, ambaye hakujua alikula nini asubuhi, aliweza baada ya miaka kuchora mpangilio wa vyumba vya nyumba aliyohamia baada ya upasuaji, kwa kutembea ndani yake tu kila siku. Tulilifuata tumaini hilo dogo. Binti alitembea na baba yake kila asubuhi kutoka lango la ploti hadi duka la maziwa, njia ile ile, upande ule ule wa barabara, akimzuia kabla hajakosea, kwa kuwa mtu asiyekumbuka kosa lake hawezi kujifunza kutokana nalo na badala yake hulizoea. Mwishoni mwa Februari 2025 alianza kwenda peke yake na kurudi na chenji sahihi. Ukimwuliza duka liko wapi husema hajui. Ukimwambia akalete maziwa, huenda.

Jumamosi moja ya Machi alichelewa. Binti alimkuta hatua chache kutoka kwenye mtaro ambao mafundi wa maji walikuwa wameuchimba asubuhi hiyo kukata njia yake, pakiti ya maziwa mkononi. Kichochoro cha pembeni kilikuwa wazi na kingemfikisha nyumbani kwa dakika mbili. Mafundi walishamwelekeza mara mbili, naye aliwashukuru mara mbili, akabaki pale pale. Alikuwa akiwasimulia jinsi alivyokuwa akiwafikisha abiria mjini miaka ile wakati magari mengine yote yamekwama Makadara, na kijana mmoja, akiegemea sururu, alikuwa akimwuliza alipitia wapi.